Niliyojifunza Japani Juu ya Usingizi

Kwetu sisi watu wa tambarare ya Moshi mtu akikutana na mwenzake asubuhi humwuliza, "Umelalaje?" Naye hujibu, "Salama." Basi, yamekwisha. Hatungoji jibu jingine, wala sijapata kumsikia mtu akijibu, "Sikulala." Nimeulizwa hivyo tangu utoto wangu, nami nimewauliza wengine kila siku ya Mungu, lakini sikupata kuufikiri usingizi mpaka nilipokuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mbali sana na nyumbani, katika nchi ya Japani.

Yafaa nianze na kosa langu, maana bila kosa hilo mambo ya Japani yangalinipita tu kama yanavyompita mtalii.

Kijiji chetu hulima mpunga kwa maji ya mifereji. Mifereji mikubwa ya kwetu ilijengwa kwa msaada wa Wajapani, kazi ikamalizika mwaka 1987. Ardhi iko ya kutosha, ila maji hayatoshi. Kwa hiyo twanyweshea kwa zamu, na zamu nyingine huangukia usiku wa manane. Aliyepata zamu hiyo hana budi kwenda na jembe na kurunzi, afungue maji yaingie jaruba lake, kisha akae pale pale kuyalinda. Akirudi kulala, jirani atayageuza, na asubuhi kila mtu atasema hakuona kitu.

Mwaka 2008 zamu yetu iliangukia usiku wa kuamkia siku ya mkutano wa chama chetu cha wakulima. Wakati ule mimi nilikuwa bwana shamba, na kesho yake nilikuwa na hotuba ya kutoa. Usiku ule nililala. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa safarini. Nililala tu, kwa sababu ya hotuba. Aliyekwenda kwenye maji ni mke wangu, Mama Neema. Alirudi alfajiri, tope mpaka magotini, akawasha moto, akapika uji, akawaandaa watoto kwenda shule, na saa tatu tulikuwa sote mkutanoni, mimi kwenye meza kuu, yeye kwenye benchi la mbele na daftari lake, maana ndiye aliyekuwa mhazini wa chama.

Katikati ya hotuba yangu nikaona kichwa chake kinainama polepole, kinainuka, kinainama tena. Nikaona haya, kisha nikaona hasira. Nikasema kwa sauti, "Jamani, mhazini wetu amesafiri. Tumngoje arudi na fedha zetu." Watu wakacheka sana. Mama Neema akafungua macho, akajipangusa uso kwa upindo wa kanga, akasimama na kusoma hesabu ya mwaka mzima, shilingi kwa shilingi, bila kukosea hata mahali pamoja. Jioni ile ile akampelekea mwenyekiti daftari na ufunguo wa sanduku. Hakunigombeza. Mimi nami nilijiona nina haki: mwenye kushika fedha za watu asisinzie mbele ya watu.

Mwaka uliofuata nilichaguliwa kwenda Japani kusomea kilimo cha mpunga, tangu mwezi wa tatu mpaka wa kumi na moja. Tulikaa katika mji wa Tsukuba, ambao hauko mbali na Tokyo. Kwa treni ni dakika arobaini na tano. Jumapili ya kwanza tulipanda treni hiyo kwenda kuutazama mji mkuu, na nilipotupa macho ndani ya behewa nilishtuka. Karibu nusu ya abiria walikuwa wamelala! Wazee, vijana, wanafunzi, mabwana wenye tai, mabibi wenye mikoba mapajani, na mikoba hiyo hakuna aliyeishikilia kwa nguvu. Bwana mmoja aliyeketi karibu nami akaniwekea kichwa begani kana kwamba tumezaliwa tumbo moja. Sikujua kama ni adabu kumwamsha. Treni ilipofika stesheni ya Moriya, milango ikafunguka, naye akainuka kama mtu aliyeitwa jina, akatoka akaenda zake. Hakuangalia kibao wala hakuuliza mtu. Mpaka leo sijui sikio lake lilikuwa wapi.

Nilidhani ni mambo ya treni tu. Wiki hiyo hiyo tulikuwa na kikao cha mafunzo, na mbele yetu aliketi mzee mmoja, mtaalamu mkubwa, mwenye mvi, ambaye wenzake walimwinamia kila alipopita. Kikao hakijafika nusu saa, mzee akafumba macho. Kidevu kikashuka kifuani. Nikamkanyaga mguu mwenzangu wa Uganda, tukaumana midomo tusicheke. Lakini tulikuwa peke yetu. Wajapani wote walitazama mbele kana kwamba hapakuwa na jambo. Msemaji alipomaliza, mzee alifungua macho na kuuliza swali, na lilikuwa ndilo swali lenyewe, lililomgusa msemaji pale pale alipokuwa dhaifu.

Hapo kicheko kilinitoka. Nilimwona Mama Neema anasimama na daftari lake.

Baadaye nilimwuliza mwalimu wetu kijana kwa nini hakuna aliyecheka. Alishangaa. Akaniambia kwamba ule si usingizi, ule ni inemuri. Akaandika neno hilo ubaoni na kulikata vipande viwili. Kipande cha kwanza maana yake ni kuwapo, cha pili ni usingizi. Yaani mtu amelala na huku yupo. Usingizi wa usiku, wa kitandani, una jina jingine. Kwa Wajapani mtu mwenye inemuri hakuondoka kikaoni. Mwili umechoka, lakini amekuja, amekaa mahali pake, na akihitajiwa ataamka. Kuchoka kwenyewe huonyesha kwamba jana alifanya kazi. Hata salamu zao zakumbusha hilo. Wakimaliza kazi jioni huagana kwa neno *otsukaresama*, ambalo ndani yake mna neno la kuchoka, kama sisi tunavyosema "pole na kazi." Humheshimu mtu kwa uchovu wake.

Bibi mmoja mtaalamu, Brigitte Steger, mzaliwa wa Austria aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ameichunguza inemuri kwa miaka mingi, akaandika na vitabu. Aeleza kwamba jambo hili lina sheria zake, ingawa hazikuandikwa popote. Usijinyoshe chini ya meza. Ukae kama mtu anayesikiliza sana, kichwa kimeinama kidogo, na ukitakiwa, urudi mara moja. Tena yategemea wewe ni nani. Mkubwa wa kazi akisinzia, watu husema amechoshwa na mambo mazito. Kijana aliyeajiriwa jana akisinzia, yaweza kuwa balaa kwake.

Hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka sifa zote nilizokuwa nikiwapa Wajapani moyoni. Maana sheria hiyo naijua, hata kwetu iko. Mwanamume akilala saa nane mchana chini ya mwembe na kofia usoni, twapita kwa kunyata na kusema, "Mzee amejipumzisha." Mwanamke akisinzia hapo hapo na ungo wa mchele mapajani, twasema, "Huyu ni mvivu." Usingizi ni ule ule, na mwembe ni ule ule.

Halafu nikataka kujua kwa nini taifa zima linachoka namna ile. Haikuwa hivyo tangu kale. Zamani Wajapani waliligawa jua, wala hawakuwa na saa kama hizi zetu. Toka mapambazuko mpaka machweo walihesabu sehemu 6, na usiku sehemu nyingine 6, na urefu wa sehemu hizo ulibadilika kwa majira: wakati wa kiangazi saa za mchana zilikuwa ndefu, wakati wa baridi zilikuwa fupi. Sisi tunaohesabu saa moja jua linapochomoza twaweza kuwaelewa vizuri kuliko Wazungu. Mwaka 1873, serikali yao ilipokuwa ikiiga mambo ya Ulaya kwa haraka, waliiacha hesabu ile wakashika kalenda na saa za Kizungu. Shule, viwanda na treni vikaanza kuwaamsha watu kwa dakika.

Na watoto wakafundishwa kwamba usingizi ni adui. Katika viwanja vya shule nyingi za msingi nchini Japani palisimamishwa sanamu ya mtoto aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni huku akisoma kitabu. Mtoto huyo ni Ninomiya Kinjiro, aliyezaliwa mwaka 1787 na kufa mwaka 1856. Alikuwa yatima, akalelewa na mjomba au baba mdogo, sikumbuki vizuri jinsi walivyonieleza ukoo wao. Wanasimulia kwamba alisoma usiku, na yule mlezi akamgombeza kwa kumaliza mafuta ya taa. Basi mtoto akapanda mbegu za mafuta mahali pasipolimwa, akavuna, akapata mafuta yake mwenyewe, akaendelea kusoma. Nilipoiona sanamu ile mara ya kwanza niliipenda, nikataka hata kuipiga picha niwaletee wanangu. Mwalimu wetu akacheka na kuniambia msemo wa wanafunzi wa kwao wanaongojea mtihani mkubwa: ukilala saa nne utafaulu, ukilala saa tano utaanguka. Picha sikuipiga.

Wakubwa nao hawakupona. Wajapani wanalo neno karoshi, yaani kufa kwa kazi nyingi. Si mzaha, ni jambo linalopelekwa mahakamani, na serikali huwalipa wajane na yatima inapothibitika kwamba moyo au ubongo wa marehemu ulishindwa kwa sababu ya saa nyingi za kazi. Mwaka 2014 Bunge lao lilitunga sheria ya kuzuia vifo hivyo, na mwaka 2018 likapitisha sheria nyingine ya kuwekea mpaka saa za ziada: kwa kawaida zisizidi 45 kwa mwezi, na hata penye haraka kubwa zisifike 100. Mwaka huo huo wa 2014 wizara yao ya afya ilitoa mashauri juu ya usingizi, na ndani yake mna shauri kwamba mtu aliyekosa usingizi apumzike kidogo mapema alasiri, asizidi dakika 30. Zipo kampuni zilizotenga hata chumba cha kazi hiyo. Mimi naona ni jambo la kuchekesha na la kusikitisha pamoja, kwamba mtu mzima ahitaji karatasi ya wizara ili apate kufumba macho.

Sasa niwaambie habari za shamba, maana huko ndiko nilikojifunza zaidi. Mwanzo wa mwezi wa tano Wajapani wana siku kadhaa za sikukuu zinazofuatana, na wakulima wengi wenye kazi za mjini huzitumia kupandikiza mpunga. Nilipelekwa kukaa siku sita katika nyumba ya mkulima mmoja. Walikuwa watu sita: bibi mzee, mwanawe, mke wa mwanawe, na watoto watatu.

Mlangoni tulivua viatu. Chumba nilichoonyeshwa hakikuwa na kitu ila mikeka. Mikeka yao, tatami, ni minene kama godoro jembamba, juu imesukwa kwa majani kama ya ndago, na kila mmoja una urefu wa kama mita moja na sentimita themanini, upana nusu yake. Hata ukubwa wa chumba huutaja kwa hesabu ya mikeka. Nikatafuta kitanda kwa macho, nikadhani wamenisahau. Usiku mama wa nyumba akafungua kabati la ukutani, akatoa magodoro ya pamba yanayokunjika, wenyewe huyaita futoni, akayatandika juu ya mikeka. Asubuhi yakakunjwa yakarudi kabatini, na pale nilipolala tukala chakula. Siku ya jua yalitundikwa nje kwenye ukingo wa ghorofa na kupigwa kwa fimbo kama tunavyokung'uta mikeka yetu, maana yakikosa jua huota ukungu.

Jambo hili liliwashangaza Wazungu tangu kale. Padre Luís Fróis, Mjesuiti Mreno aliyefika Japani mwaka 1563 na kufia Nagasaki mwaka 1597, aliandika mwaka 1585 kitabu kidogo cha kulinganisha desturi za Ulaya na za Japani. Hata vitanda hakuviacha. Alieleza kwamba kwao Ulaya kitanda hukaa kimetandikwa mahali pake mchana kutwa, na Wajapani hukunja malalo yao na kuyaficha yasionekane. Mimi sikushangaa. Nilikulia katika chumba ambacho mchana kilikuwa cha wageni na usiku kilikuwa chetu watoto watano, na mkeka wetu ulisimamishwa nyuma ya mlango.

Bibi mzee alinionyesha kwa vidole jinsi walivyolala. Yeye alilala na mtoto mkubwa. Baba na mama walilala na wadogo katikati yao. Akachukua kalamu akaandika herufi moja ya Kijapani: mistari mitatu iliyosimama, wa katikati mfupi kidogo. Herufi hiyo maana yake ni mto, mto wa maji. Wao husema kulala kama herufi ya mto: mzazi upande huu, mzazi upande huu, mtoto katikati. Nikajaribu kumweleza kwamba kwa Kiswahili neno mto ni la maji na la kichwa vile vile. Sidhani alinielewa, lakini alicheka mpaka akapangusa machozi.

Wataalamu wawili wa Marekani, Caudill na Plath, waliandika juu ya desturi hiyo mwaka 1966. Walikuta kwamba hata penye nyumba ya vyumba vya kutosha Wajapani walipenda kulala pamoja, na kwamba Mjapani wa mjini aliweza kutazamia kulala na mzazi wake au na mtoto wake karibu nusu ya maisha yake. Wazungu wengi humfundisha mtoto kulala peke yake mapema ili ajitegemee. Wajapani huona kwamba mtoto huzaliwa akiwa peke yake tayari, na kazi ya wazazi ni kumvuta karibu. Baada ya tetemeko na mawimbi makubwa ya tarehe 11 Machi, 2011, huko kaskazini, maelfu ya watu waliopoteza nyumba walilala sakafuni katika majumba ya shule. Yule bibi Steger alikwenda kukaa nao katika makimbilio, na wapo waliomweleza kwamba kulala wengi pamoja kuliwatuliza, wakapata usingizi. Sisi tuliopata kulala kwenye matanga twajua jambo hilo bila kufundishwa.

Lakini nilisema nyumba ile ilinifundisha, nami bado sijasema ni nini. Kuta zake za ndani ni milango ya karatasi ya kusukuma. Kila kitu husikika. Jioni waliandaa maji ya moto katika birika kubwa la kuogea. Watu hujisugua na kujisuuza kwanza nje ya birika, kisha huingia kuloweka mwili, wote kwa maji yale yale. Mgeni huanza. Nikafuata mimi, basi, kisha baba, kisha bibi na watoto, na mwisho kabisa mama wa nyumba. Nilimsikia akiingia majini saa tano ya usiku. Kisha nikamsikia akisugua birika, kisha akikunja nguo, kisha kimya. Saa kumi na moja alfajiri nilisikia kisu juu ya ubao. Alikuwa akikata mboga za chakula cha mumewe na watoto cha kubeba. Saa moja alikuwa shambani anapeleka trei za miche kwenye mashine, tope mpaka magotini.

Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu vivyo hivyo. Siku ya nne, tulipokaa kula mchana, mama yule alisinzia na vijiti mkononi. Mumewe akamtazama. Akaendelea kula. Hakumchokoza, wala hakumwondolea kazi yo yote. Bibi mzee tu ndiye aliyenyosha mkono akavitoa vile vijiti kwenye vidole vyake, polepole, visianguke.

Sikuweza kumaliza chakula changu.

Mwaka 2021 shirika la OECD lenye makao yake Paris lilitoa hesabu ya usingizi katika nchi 33. Wastani wa nchi hizo ulikuwa saa 8 na dakika 28 kwa siku. Japani walikuwa wa mwisho kabisa, saa 7 na dakika 22. Tena katika nchi nyingi wanawake hulala zaidi kidogo ya wanaume, lakini Japani wanawake ndio wanaolala kidogo zaidi. Nilipoisoma hesabu hiyo sikushangaa. Nilikuwa nimekwisha kuisikia kwa masikio yangu nyuma ya mlango wa karatasi. Kama ingekuja timu ya kuhesabu kijijini kwetu, katika zamu za maji, sijui tungeficha wapi nyuso zetu.

Usiku wa tano sikulala. Saa kumi na moja alfajiri kisu kilipoanza, nilitoka uani na simu. Kwetu ilikuwa saa tano ya usiku, maana Japani wametutangulia saa sita. Simu ikaita sana. Mama Neema akapokea, nami nikasikia vyura.

"Uko wapi?"

"Niko kwenye maji. Leo ni zamu yetu. Kuna nini, Baba Neema? Unaumwa?"

"Siumwi. Jana ulilala saa ngapi?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Umepiga simu kutoka Japani kuniuliza saa ya kulala?"

Nikamwambia kwamba siku ile ya mkutano nilimkosea. Nikamwambia habari za mzee mwenye mvi, na za neno lile lenye vipande viwili, na kwamba yeye alikuwapo pale mkutanoni kuliko mimi niliyekuwa nahutubu. Nilisema maneno mengi. Vyura wakaendelea kulia.

"Nimekusikia," akasema. "Kadi yako ya simu itakwisha. Acha nikatazame maji, naona kama yamepungua."

Nilirudi mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Nilileta mbegu, vitabu, na futoni moja niliyonunua kwa bei rahisi, ambayo haikufaa kabisa kwa joto la tambarare, sasa paka ndiye mwenyewe. Tangu siku hiyo zamu ya usiku ni yangu. Mwanzoni wenzangu walinicheka kwenye mfereji, wakaniita Mjapani, kwa kuwa wengi niliowakuta pale gizani walikuwa wanawake na vijana. Mmoja aliniuliza kama mke wangu anaumwa. Sasa wamezoea, na wanaume wawili watatu wamefuata, ingawa sidhani ni kwa ajili yangu. Maji yamezidi kuwa haba na ugomvi umezidi.

Mwaka 2010 chama kilimtuma mwenyekiti kuja kumwomba Mama Neema arudie kazi ya uhazini. Alikuja jioni, akakaribishwa chai. Mama Neema alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Fedha za watu zinataka mtu asiyesinzia. Nilisikia hivyo mkutanoni." Hakusema kwa hasira, wala hakunitazama. Mwenyekiti akaniangalia mimi, nami nikaangalia kikombe. Wamemwomba tena mara mbili baada ya hapo, na jibu ni lile lile. Mhazini wa sasa ni kijana mwaminifu, ila hesabu zake hukosea, na jioni fulani fulani huja na daftari kichwani kwa pikipiki, na Mama Neema humsaidia kulinganisha, mezani kwetu, bila jina wala posho.

Mimi nimekwisha kustaafu, na usingizi wenyewe umeanza kunikimbia kama unavyowakimbia wazee. Kwenye mfereji huketi juu ya debe, jembe magotini, na mara nyingine kichwa huinama, lakini maji yakibadili sauti huamka. Alfajiri nikifika nyumbani, Mama Neema hunikuta uani nikinawa tope.

"Umelalaje?" huniuliza.

Nami humjibu, "Sikulala."